Kaa, Kupe na Neno Nililoshindwa Kulifasiri

Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne. Shangazi aliifungua kutoka kwenye pindo la khanga, pale anapofungia hela, akanikabidhi. Nilipoikunjua hakuitazama. Alinitazama mimi usoni. Tulikuwa kwenye benchi la mbao nje ya chumba cha daktari, hapa Dodoma, wiki ya kwanza ya Desemba 2016, na mawingu ya mvua za kwanza yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa Bahi. Karatasi yote ilikuwa ya Kiingereza, mwandiko wa haraka. Kwenye mstari wa tatu nikaziona herufi mbili: Ca.

Herufi hizo ni kifupi cha karsinoma. Mgonjwa anaweza kutembea nazo kwenye pindo la khanga kutoka maabara hadi kwa daktari, kutoka mjini hadi kijijini, asijue amebeba nini. Hilo linaniuma mpaka leo. Jina la ugonjwa wa mtu linaandikwa kwa lugha asiyoisoma, tena kwa kifupi ambacho hata wengi wanaoijua lugha hiyo hawakifahamu, kisha yeye mwenyewe ndiye anayetumwa alipeleke.

Mimi nakula kwa kufasiri. Mikataba, taarifa za miradi, miongozo ya afya, chochote kinachotoka kwenye Kiingereza kije kwenye Kiswahili au kinachokwenda kinyume chake. Siku ile nilijua Ca ni nini kabla hatujaitwa ndani.

Daktari alikuwa kijana mpole. Akamwamkia shangazi vizuri, shikamoo mama, akavuta kiti karibu, akasema bila kuzungukazunguka: "Mama, majibu yametoka. Ni saratani ya mlango wa kizazi." Kisha akaeleza habari za rufaa ya Dar es Salaam na matibabu ya mionzi. Shangazi yangu alizaliwa kwenye Kigogo, Kiswahili alikipatia sokoni na kanisani, na anakisema vizuri tu. Alielewa kila kitu isipokuwa neno moja. Akanigeukia.

"Saratani ndiyo nini?"

Ningeweza kusema kansa. Hilo neno analijua. Kila mtu kijijini kwake analijua. Nikalitazama lile neno lilivyokaa mdomoni mwangu, nikaona sura za watu wawili watatu aliowazika, nikasema: "Ni uvimbe, shangazi. Una uvimbe."

Daktari akanyanyua macho, akanitazama kidogo. Mtu akabisha mlangoni. Yakapita.

Sasa angalia uvimbe ni nini kwa mwanamke wa umri wake. Uvimbe kwenye kizazi ni jambo analolisikia kila wiki. Jirani anao, mke wa katekista anao, wengine wameishi nao miaka, wengine wamekatwa wakapona wakarudi shambani. Uvimbe si wa kukimbilia. Na huku Dodoma mvua ni msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili, ukiukosa umekosa mwaka. Shangazi akafanya hesabu ambayo mkulima yeyote mwenye akili angeifanya kwa taarifa aliyopewa. Akasema uvimbe unaweza kusubiri, uwele hausubiri. Akapanda gari la Bahi kesho yake, akaenda kupanda.

Alirudi baada ya wiki tisa, ameshikiliwa na watu wawili, khanga tatu zimelowa damu.

Nimekuwa nikilizungukia jambo hili kwa miaka. Mwaka jana nikapewa kazi ya kufasiri kipeperushi cha afya, kurasa nne tu, na neno la kwanza la kichwa cha habari likanisimamisha: niandike saratani au kansa? Aliyenipa kazi alitaka saratani, kwa kuwa ndiyo Kiswahili sanifu. Nilikaa nalo jioni nzima.

Watu hudhani kansa ni Kiingereza na saratani ni Kiswahili chetu. Yote mawili ni wageni, na yametoka kwa babu mmoja. Saratani ni neno la Kiarabu, na kwa Kiarabu maana yake ni kaa, yule mnyama wa pwani mwenye magando. Kansa tumelitoa kwenye Kiingereza, Kiingereza kikalitoa kwenye Kilatini, na kwa Kilatini nako maana yake ni kaa. Ukimwambia mtu ana saratani au ukimwambia ana kansa, umemtajia mnyama yuleyule mara mbili, naye hajamwona hata mara moja.

Waliompachika kaa kwenye ugonjwa huu ni Wagiriki. Maandishi ya Hippocrates, tabibu aliyezaliwa yapata mwaka 460 kabla ya Kristo, yanatumia maneno karkinos na karkinoma kwa vidonda na uvimbe usiopona. Karkinos ni kaa. Karne kadhaa baadaye Galen, tabibu mwingine wa Kigiriki aliyefanya kazi Roma, akaeleza mfanano huo: kwenye titi la mwanamke uvimbe unakaa katikati kama kiwiliwili, na mishipa ya damu iliyovimba inatoka pande zote kama miguu ya kaa. Ilikuwa picha ya kuonwa kwa macho. Hawakuwa na kipimo kingine zaidi ya kuangalia na kugusa.

Kutoka hapo kaa akashika njia mbili. Warumi walimfasiri kwa lugha yao wakapata cancer, na jina hilo likapita Ulaya na kutufikia kwa meli za wakoloni. Njia ya pili ndiyo ninayoipenda zaidi. Baghdad, karne ya 9, alikuwako mfasiri aitwaye Hunayn ibn Ishaq, Mkristo aliyezijua Kigiriki, Kisiriaki na Kiarabu, na ambaye alitumia maisha yake kuvihamisha vitabu vya Galen. Katika kazi hiyo ya wafasiri wa zama zile, kaa wa Kigiriki akawa kaa wa Kiarabu, saratan. Ibn Sina akalikuta limeshakaa vizuri alipoandika kitabu chake kikubwa cha tiba mwanzoni mwa karne ya 11. Kisha likasafiri na dini, elimu na biashara hadi pwani yetu.

Hunayn alifasiri, na hilo ndilo lililonikamata. Alilikuta jina la mnyama, akawapa wasomaji wake mnyama wanayemjua. Wajerumani wakafanya vivyo hivyo: kwao kaa ni Krebs na ugonjwa ni Krebs. Warusi na Wapolandi husema rak, ambaye ni kamba wa maji baridi, ndugu yake kaa. Waebrania wana sartan, kaa na ugonjwa kwa pamoja. Mtoto wa Kijerumani anapomsikia mama yake ameambiwa Krebs, ana cha kushika, hata kama kinatisha. Sisi tulipopokea saratani hatukumfasiri mnyama. Tulichukua sauti. Tulipopokea kansa tukafanya hivyohivyo mara ya pili. Mara mbili kaa amefika nchini kwetu ndani ya sanduku lililofungwa, na mara mbili tumelipokea sanduku bila kulifungua.

Wachina walikwenda njia nyingine kabisa. Neno lao huandikwa kwa herufi moja yenye alama ya ugonjwa kwa nje, na ndani yake umewekwa mwamba. Wajapani nao huandika hivyo. Kitu kigumu kama jiwe ndani ya mwili. Siku nilipoijua hiyo nilitoka nje nikayatazama majabali yetu yaliyorundikana huku na huku, makubwa kuliko nyumba, nikawaza kwamba mtu wa Dodoma asingehitaji kufafanuliwa hilo.

Na kabla ya Wagiriki, Wamisri wa kale. Upo waraka wao wa mafunjo wa yapata mwaka 1600 kabla ya Kristo, ulionakiliwa kutoka maandishi ya zamani zaidi, wenye visa 48 vya majeraha na maradhi. Kisa cha 45 ni uvimbe wa kifuani, umetokeza, ni wa baridi ukiuwekea mkono. Mwandishi anaeleza namna ya kuutambua, na anapofika kwenye tiba anasema haipo. Hakuna mnyama hapo wala jina la pekee. Ni uvimbe tu, kama nilivyosema mimi. Tofauti ni kwamba yeye aliandika na ukweli wake pembeni.

Utotoni neno kansa lilinijia kwanza kwenye jiografia, si hospitalini. Mwalimu alichora duara ubaoni, akakata mstari juu ya Ikweta, akaandika Tropiki ya Kansa. Niliamini kabisa kwamba huko juu, Algeria na Libya na Misri unakopita mstari ule, ndiko ugonjwa unakoishi, na nikamshukuru Mungu kwamba sisi tuko chini yake. Hakuna aliyetuambia kwamba mstari umepewa jina la kundi la nyota, kwamba zamani za Wagiriki jua lilipofika kilele chake cha kaskazini mwezi Juni lilikuwa katika nyota za Kaa. Wanajimu wa Kiswahili wanaijua nyota hiyo vizuri. Katika burji kumi na mbili, baada ya Jauza na kabla ya Asadi, ipo Saratani. Mtu anasoma nyota yake gazetini, anaambiwa wiki hii Saratani utapata mgeni kutoka mbali, wala hashtuki.

Mwaka 1999, mwezi Oktoba, redio ya nyumbani ilipotangaza kifo cha Mwalimu Nyerere huko London, ndipo nilipowasikia wakubwa wakisema saratani ya damu, kwa sauti ya chini, kama watu wanaotamka jina la mtu aliyeko chumba cha pili. Nilikuwa mtoto na nilishangaa damu inavimbaje. Nikikumbuka sasa, yule alikuwa mtu aliyekaa na kalamu akamfasiri Shakespeare kwa Kiswahili, na chini ya uongozi wake ndipo ulipotolewa uamuzi wa 1973 wa kuuleta mji mkuu hapa kwetu. Ugonjwa uliomchukua, sisi wananchi wake hatukuwa na neno lake tunalolielewa.

Ndiyo maana tunazunguka. Sikiliza matangazo ya vifo: amefariki baada ya kuugua kwa muda mrefu. Sikiliza kwenye misiba: ni ule ugonjwa, ni ugonjwa wenyewe, ni tumbo, ni donda. Kansa limebeba uzito wa jeneza, na saratani masikioni mwa shangazi halikubeba kitu chochote. Daktari alisema neno tupu kwa heshima. Mimi nililikwepa neno zito kwa huruma. Kati ya heshima yake na huruma yangu, mwanamke mzima akaenda kupanda uwele.

Siku ile ya Februari 2017 alipoletwa, walimwongeza damu, akalala siku tatu. Ya nne nikamchukua nyumbani kwangu Nkuhungu. Jioni tukatoa mkeka barazani. Alikuwa ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha, anachambua kunde kwenye ungo kwa kuwa hajui kukaa bure. Nikamwambia.

Nikasema, "Shangazi, siku ile nilikudanganya. Si uvimbe tu. Ni kansa."

Mkono ukasimama kwenye ungo. Hakulia. Alikaa kimya muda mrefu, kuku wakapita, jirani akaita watoto wake ndani. Kisha akauliza, kana kwamba ndilo jambo lililobaki la kuuliza: "Sasa yule daktari mbona alisema jina jingine?"

Nikamweleza kwamba ni kitu kilekile, kwamba yote mawili maana yake ni kaa. Akasema kaa gani, kaa la moto? Ni swali la haki. Kiswahili kinalo kaa la moto, kinaye kaa wa pwani, na kinakuambia kaa hapa usubiri. Shangazi alimjua wa kwanza na wa tatu. Kaa wa pwani hakuwahi kumwona, maisha yake yote yalikuwa kati ya Bahi, Manyoni na Dodoma mjini. Nikamtafutia picha kwenye simu. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Miguu mingi. Anauma?"

"Anabana. Haya yanaitwa magando. Akishika haachii."

"Anang'ang'ania."

"Ndiyo."

Akanirudishia simu. "Basi huyu ni kupe."

Wagogo ni watu wa ng'ombe, na shangazi kabla hajaolewa alichunga ndama. Akanieleza kupe kama mtu anayefundisha mtoto mjinga, na nilikuwa hivyo. Kupe akimpanda ndama huwezi kumwona, ni mdogo kama mbegu ya ulezi, anajificha ndani ya sikio au chini ya mkia, sehemu za aibu. Ndama hasikii maumivu. Anakula, anaruka. Wewe mchungaji ndiye unayepaswa kumfunua na kumtazama kila siku hata kama haonyeshi chochote. Ukimpata akiwa mdogo unamtoa kwa kidole. Ukichelewa amejaa damu, anakuwa hivi, akaokota punje ya kunde akaniwekea kiganjani, na hapo ukimvuta vibaya kichwa kinabaki ndani ya ngozi. Lazima umshike kwenye shina.

Aliendelea kuchambua. Halafu, bila kuniangalia, akasema: "Ungeniambia ni kupe ningekuja kabla ya mvua."

Sina jibu la sentensi hiyo. Nilipoenda kusoma, niligundua kwamba Ibn Sina naye alijiuliza kwa nini ugonjwa huu unaitwa saratan, akatoa sababu mbili: ama kwa umbo lake la duara na mishipa inayouzunguka kama miguu, ama kwa sababu unaking'ang'ania kiungo kama kaa anavyong'ang'ania anachokishika. Miaka elfu moja kati yao, na mchunga ndama wa Bahi akaishika ile sababu ya pili ndani ya dakika tano, akiwa na ungo wa kunde mapajani.

Mfano wa kupe una kasoro yake, kama wa kaa. Yote miwili inatuonyesha kitu cha nje kimetudandia. Tangu karne ya 19, hasa baada ya Rudolf Virchow kufundisha mwaka 1858 kwamba kila seli hutoka kwenye seli nyingine, tumejua kwamba uvimbe wa saratani ni seli zetu wenyewe zilizoacha kusikia amri ya kusimama, zinagawanyika na kugawanyika. Lakini kwa saratani ya shangazi yupo kweli mgeni wa nje aliyeanzisha ugomvi, kirusi kiitwacho HPV. Mjerumani Harald zur Hausen aliishikilia hoja hiyo wakati wengi hawakuiamini, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 timu yake ikaonyesha aina mbili za kirusi hicho, namba 16 na 18, ambazo leo zinajulikana kusababisha karibu asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi. Alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2008. Kirusi huambukizwa kwa kujamiiana, watu wengi hukipata na mwili hukiondoa wenyewe. Kisipoondoka, hukaa miaka kumi au zaidi kabla ya kuleta saratani. Miaka kumi ndama anaruka na kula.

Tulikwenda Dar es Salaam kwa basi, kilomita kama 450, amejilaza kwenye viti viwili. Taasisi ya Saratani Ocean Road iko mbele ya bahari kabisa, kwenye majengo ambayo msingi wake ni hospitali ya Wajerumani iliyofunguliwa mwaka 1897. Imekuwa taasisi inayojitegemea kwa sheria tangu 1996. Ukitoka langoni ukavuka barabara, umefika mchangani. Shangazi alipewa mionzi ya nje, siku tano kwa wiki, kisha mionzi ya ndani. Ilimchosha sana, akakonda, chakula kikawa hakina ladha. Lakini jioni akipata nguvu alitaka tuvuke tukakae ufukweni. Hakuwahi kuiona bahari. Siku ya kwanza aliangalia tu, akasema maji yote haya na sisi huko tunachimba mchanga wa mto kutafuta ndoo moja.

Siku ya tatu au ya nne, maji yakiwa yamekupwa, akanishika mkono. Kwenye mchanga mbele yetu kilikuwa kimesimama kitu rangi ya mchanga, macho yamesimama juu ya vijiti viwili. Tulipojisogeza kikakimbia kwa ubavu, kasi ya ajabu, kikaingia shimoni. Kikatokea kingine. Tukatulia, vikatoka vingi. Mmoja alileta donge dogo la mchanga hadi mdomoni mwa shimo, akalitupa, akarudi ndani.

"Ndiye huyo?"

"Ndiye."

Alimtazama kwa muda mrefu, kwa makini ya mtu anayekagua mfugo kabla ya kununua. Jua lilikuwa linazama nyuma yetu, upande wa kwetu. Akasema: "Huyu hang'ang'anii mtu. Mwoga huyu. Walimsingizia."

Watu wa pwani wana methali, kaa akiinua gando, mambo yamekatika. Nilitaka kumwambia, nikaona haina haja.

Kuna matumizi mengine ya neno hili ambayo yananikera, na hapa Dodoma tunayasikia kuliko popote kwa kuwa Bunge liko hapa. Rushwa ni kansa. Uzembe ni kansa. Fulani ni kansa ndani ya chama, akatwe, atupwe nje. Mwaka ule baada ya matibabu shangazi alikuwa kwangu, redio imewashwa, mheshimiwa mmoja akasema jambo fulani ni kansa isiyotibika. Shangazi akauliza taratibu kama na yake ndiyo hiyo. Naelewa mzungumzaji anataka nini. Anataka tuogope. Lakini kila anapotumia neno hilo kwa maana ya kitu kisichotibika na kinachostahili kuchukiwa, yupo mtu ameketi karibu na redio ambaye kitu hicho kimo mwilini mwake, na ambaye kesho yake anapaswa kuamini kwamba mionzi itafanya kazi. Kiswahili kina utajiri wa matusi kwa rushwa. Tungewaachia wagonjwa neno lao.

Shangazi yupo. Aliambiwa arudi kuangaliwa kila baada ya miezi kadhaa, na tangu treni ya umeme ianze safari zake kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, safari hiyo imekuwa ya asubuhi kwenda na jioni kurudi. Sikuwahi kumwuliza daktari zile wiki tisa zilibadilisha nini. Naye shangazi hajawahi kuzitaja tena.

Kwenye kile kipeperushi niliandika saratani, nikaongeza mstari: ndiyo ambayo wengi wetu tunaiita kansa. Nikaongeza na mwingine, kwamba ikigunduliwa mapema inatibika na watu wanapona, nikaiweka sentensi hiyo palepale, isitenganishwe na jina hata kwa nukta moja. Aliyenipa kazi aliuliza kama marudio hayo ni ya lazima, maana kwenye Kiingereza hayapo. Nikamwambia ndiyo. Kuhusu kupe sikumwambia. Kupe ni wa shangazi.

Miezi michache iliyopita waliletwa wauguzi kwenye zahanati ya kijijini kwao kwa ajili ya uchunguzi wa wanawake. Kipimo ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Muuguzi anapaka siki iliyozimuliwa kwenye mlango wa kizazi, anasubiri dakika moja, na penye seli zilizoanza kubadilika panageuka weupe. Pakionekana, mara nyingi panagandishwa au kuchomwa kwa joto siku hiyohiyo, na habari inaishia hapo kabla haijawa saratani. Wasichana wenyewe wana chanjo, iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2018 kwa wenye miaka 14, na tangu 2024 ni dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Binti yangu ameshachanjwa.

Nilimpeleka shangazi siku hiyo kwa kuwa alitaka awepo. Alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya mlango, khanga mbili, fimbo yake imeegemea ukuta, na kila mwanamke aliyefika alimsalimia mbukwa kwanza. Foleni haikuwa ndefu. Wengine walikuwa wanafika, wanausoma ubao, wanasimama mbali kidogo chini ya mbuyu. Mmoja wa makamo, mgongoni kabeba mjukuu, akasogea akamwinamia shangazi sikioni.

"Mama, humo ndani wanatafuta nini?"

"Kupe," shangazi akasema, akanyoosha mikono ampokee mtoto.